Sinia la Mama Mkwe

Zubeiri alimjua kwa sauti kabla ya kumwona. Meli ya Karolina ilikuwa imetia nanga Lindi, abiria wa sitaha wanapanda ngazi na mizigo yao, na katika zogo lile sauti moja ikapanda juu ya zote ikimwambia baharia, "Kikapu changu usikiguse. Kikizama nitazama nacho. Weye kazi yako ngazi, shika ngazi."

Mwiko ukamkwama mkononi. Akachungulia kwenye dirisha dogo la jiko, akaona buibui, akaona kikapu cha ukili kimebanwa kwapani, akauona na mdomo ule. Bi Mwanamkasi wa Bweni, mama mzaa mkewe Sabiha. Kama kulikuwa na mtu mmoja ulimwenguni ambaye Zubeiri asingependa kumpikia, ni huyo. Na kuanzia saa hiyo mpaka Tanga hapakuwa na mpishi mwingine wa kumlisha ila yeye.

Ugomvi wao haukuwa wa jana. Zubeiri alipopeleka posa Bweni, Bi Mwanamkasi aliuliza kijana anafanya kazi gani, akaambiwa ni mpishi katika meli ya Wazungu. Akauliza Wazungu wanakula nini. Watu wakatazamana. Hapo hapo, mbele ya washenga na majirani, akatamka: "Mkono unaokaanga nguruwe haumshiki mwanangu. Wallahi, siku nitakayokula kilichopikwa na mkono huo, ndiyo siku nitakayokanyaga nyumba yao." Maneno yakavuka mto kwa kivuko cha jioni, na kesho yake Pangani nzima inayo.

Sabiha hakuwa na baba. Ami yake, Mzee Mwinyijuma, ndiye aliyekuwa walii wake, naye alimpenda yule kijana, akaozesha. Mama hakuhudhuria. Zubeiri akampelekea mkaja kama ada inavyotaka, kitambaa kirefu cheupe chenye mlia mwekundu, heshima ya mama kwa tumbo alilolifunga siku alipomzaa bibi harusi. Alikinunua Durban kwa kuchagua, akakikunja mwenyewe. Bi Mwanamkasi akatangaza kwamba ameutupa mtoni, mamba wajifunge.

Lililomchoma Zubeiri kuliko yote ni kwamba tuhuma yenyewe ilikuwa uongo. Hakuwahi kumgusa nguruwe hata siku moja. Jikoni alifanya kazi na Ernesti, Mkatoliki aliyezaliwa kambi ya mkonge karibu na Muheza, na tangu siku walipoajiriwa walikubaliana: nguruwe ni wa Ernesti, kuchinja ni kwa Zubeiri. Visu vya Zubeiri vilikuwa na uzi mwekundu mpinini, ubao wake ulining'inia peke yake, na Ernesti hakuvigusa hata alipokuwa na haraka ya kufa. Mpishi mkuu, Mgoa mwenye hasira za karibu, aliwapigia kelele mwaka mzima juu ya mambo yao ya kugawana nyama. Alipoona kazi inakwenda, akachoka, akawaacha. Abiria wa pwani walijua kuwa ndani ya Karolina unakula halali. Aliyekataa kujua ni mmoja tu, naye sasa alikuwa ametandika mkeka wake chini ya turubai upande wa wanawake.

"Nani yule amekutoa rangi?" Ernesti akauliza, akiingia na gunia la vitunguu alilolileta kutoka nchi kavu.

"Mama mkwe."

Ernesti akaweka gunia chini polepole. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini safari hii alikuna shingo tu, akasema, "Basi mpikie vizuri."

"Nitampikia vizuri mpaka ajute," akasema Zubeiri.

Maana papo hapo alikuwa amekwisha kuona njia. Sabiha alikuwa na mimba ya kwanza, siku zake zimekaribia, na mimba ya kwanza kwao huzaliwa kwa mama. Alikuwa ametuma salamu Bweni mara kwa mara, na salamu zilirudi kama zilivyokwenda. Usiku alikuwa akilia akidhani mumewe amelala. Mwanamke asiye na radhi ya mama anaingia uzazini na hofu mbili, na Sabiha alikwisha kusema wazi: anaogopa atakufa. Sasa kiapo cha yule mama kilikuwa na mlango wake: siku nitakayokula, ndiyo siku nitakayokanyaga. Basi ale. Ale mpaka Tanga, na wakishuka aambiwe kala kwa mkono wa nani, aone atakimbilia wapi.

Hayo aliyataka kwa ajili ya Sabiha. Kwa ajili yake mwenyewe alitaka kumwona Bi Mwanamkasi akimeza maneno yake mbele za watu, kama alivyoyatema mbele za watu. Ungemuuliza lipi kubwa, angekwambia la Sabiha, na angekudanganya.

Karolina haikuwa meli ya shida. Ilikuwa meli ya starehe, ya Wazungu waliolipa ili wazungushwe Afrika huku wakila. Asubuhi mayai na figo za kondoo. Kabla ya adhuhuri mchuzi mwepesi kwenye vikombe, eti hewa ya bahari inachosha. Mchana nyama baridi, kisha nyama moto. Alasiri chai na keki tatu za rangi tatu. Usiku ndiyo usiseme: vitambaa vyeupe mezani, kinanda pembeni, kamba wakubwa waliolazwa juu ya barafu, bata aliyepakwa asali, kondoo na majani ya mnanaa, jibini inayonuka soksi, pudini inayowashwa moto hadi mabibi wapige makofi. Mtu unajiuliza bahari wanaitazama saa ngapi. Zubeiri aliipika mingi ya milo hiyo na hakuionea wivu hata mmoja. Kwake yeye, Mzungu alikula kwa macho na saa ya ukutani. Watu wa sitaha walikula kwa mikono, wakizunguka sinia, na kama chakula kibaya walisema.

Mlo wa kwanza akapika wali wa nazi na changu wa kupaka, akamchoma samaki taratibu huku akimpaka tui zito lenye ukwaju mpaka ngozi ikapiga wekundu. Wahenga husema chakula cha chuki hakiivi. Uongo. Kiliiva, kikanukia mpaka Mzungu mmoja akashuka ngazi kuuliza ni nini.

Ernesti akapeleka masinia, akarudi anacheka. "Amesema tui la pili umelitia mapema."

"Amesema hivyo?"

"Na amesema uongeze samaki."

Zubeiri akaongeza samaki. Sinia likarudi na miiba tu, imepangwa ukingoni safi. Akalitazama kwa raha kama mtu aliyetega na kusikia mtego umefyatuka. Akasema kimoyomoyo, moja hilo.

Walipofika Dar es Salaam alinunua papa mkavu na unga wa muhogo, akasonga bada, akaunga mchuzi wa papa kwa nazi na bilinganya, namna Sabiha alivyomfundisha, na Sabiha aliufundishwa na nani kama si mama yake. Hiki ndicho chakula ambacho Zubeiri mwenyewe alikipenda kuliko vyote vya chini na vya juu, na kukitoa kwa adui kulimuuma kidogo. Wanawake wa Kilwa waliokaa sinia moja na Bi Mwanamkasi walisikika wakiomba dua kwa mpishi. Yeye sauti yake ilikuja peke yake, inapenya turubai: "Papa kamwosha mno. Ladha imekwenda na maji. Na mwambie huyo mpishi wako, mchuzi huu asije akampa mwenye mimba, pilipili hii itamtia kiungulia."

"Umesikia?" Ernesti akauliza.

"Nimesikia. Hata akishiba anatukana."

"Mimi sikusikia tusi," akasema Ernesti. Akasimama mlangoni akifuta mikono ambayo ilikwisha kukauka. "Ndugu yangu, sikiliza. Tukifika Tanga, nyamaza. Mshikie mizigo, usiseme kitu. Chakula ameshakula. Kitafanya kazi yake chenyewe."

"Weye hukutukanwa mbele ya washenga."

"Kweli sikutukanwa. Lakini nyamaza."

Zubeiri akamwambia arudi kwa nguruwe wake. Ernesti alikuwa mtu mwema, na watu wema huwa hawaelewi ugomvi. Hivyo ndivyo Zubeiri alivyojiambia, akaendelea kukatakata vitunguu kwa nguvu ambayo vitunguu havikuihitaji.

Unguja walilala bandarini, na huko juu ilikuwa karamu ya nahodha. Mgoa alipiga kelele tangu asubuhi. Zubeiri ndiye aliyepewa kuzungusha pipa la aiskrimu, barafu na chumvi nje, maziwa na vanila ndani, mpaka mabega yakaomba msamaha. Wazungu walipohudumiwa, akajaza bakuli moja la kioo, lile lenye maua, akamwambia Ernesti, "Mpelekee."

"Hii nayo ni ya chuki?"

"Mpelekee."

Alitaka asibakize kisingizio. Asije akasema alikula wali tu kwa njaa ya safari. Chakula cha njaa kina udhuru, aiskrimu haina. Akajificha nyuma ya turubai kuangalia. Bi Mwanamkasi alionja kwa ncha ya kijiko, akashtuka, akashika shavu. Akaonja tena. Kisha akageukia ukuta asionekane na wenzake, akala kidogo kidogo, macho ameyafumba, na kwa kitambo yule mwanamke mkali hakuwa mkali, alikuwa mtu mzima aliyepata kitu kitamu ambacho hakukitarajia. Zubeiri alijikuta anatabasamu. Akaliondoa tabasamu lile upesi kama mtu aliyekutwa jikoni kwa jirani.

Usiku huo hakukuja neno la kashfa. Lilikuja bakuli. Ernesti aliliweka juu ya meza, na ndani yake mlikuwa na korosho za Lindi, zimekaangwa, zimetiwa chumvi, zimefunikwa kwa kipande cha jani la mgomba.

Watu wa pwani hawarudishi chombo kitupu. Jirani akikuletea mchuzi, bakuli lake hurudi na chochote, hata ndimu mbili, hata chumvi. Ukilirudisha tupu umesema hutaki tena kujuana. Zubeiri alilijua hilo tangu hajaota meno. Akaziangalia korosho, moyo ukamdunda, na kilichomdunda kilikuwa furaha mbaya. Sasa ataweza kukana vipi? Kala, kashukuru, na kitu kakitia katika chombo kwa mkono wake.

"Kula basi," Ernesti akasema.

"Sili kilichotoka mkononi mwake."

"Zubeiri."

"Kula weye."

Ernesti akala moja, akatafuna kwa huzuni. "Tamu," akasema. Zilizobaki akazifunga katika kitambaa, akazitia mfukoni.

Tanga waliiona asubuhi. Karolina ikatia nanga katikati ya ghuba, na abiria wakateremshwa kwenye tishali ya kuwapeleka gatini. Zubeiri alikuwa amepewa ruhusa ya kwenda nyumbani mpaka meli iondoke. Alikoga, akavaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua, akajipaka mafuta mazuri. Ungemwona ungedhani anakwenda kuoa. Akakaa nyuma kabisa, Ernesti aliyekuja kumsindikiza yuko kando yake, uso ameugeuza baharini, maana mtu na mama mkwe wake hawakaliani uso kwa uso. Adabu hiyo aliishika mpaka nusu ya njia.

Bi Mwanamkasi alikaa katikati na kikapu chake mapajani. Wale wanawake wa Kilwa walikuwa wamemzunguka, wakisimulia milo ya safari mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaosimulia harusi. Mmoja alisema hajapata kula changu wa namna ile tangu azaliwe. Mwingine akasema yeye ni bada, bada ile ilimkumbusha marehemu mama yake. Wa tatu akamgeukia Bi Mwanamkasi. "Na weye Bibi, uliyekuwa unamsema mpishi kutwa, kipi kilichokupendeza?"

Bi Mwanamkasi akafikiri. "Kile kitu baridi," akasema. "Lakini bada ndiyo iliyonishibisha. Anajua kupika. Kafunzwa na mtu anayejua."

Laiti Zubeiri angelikaa. Sifa alikuwa amekwisha kupewa, na mbele za watu, na bila kuiomba. Lakini alikuwa ameitunza hasira yake kwa miaka miwili, na kitu ulichokitunza miaka miwili hukitupi kwa sababu ya sifa ya bada. Ernesti akamshika kanzu. Akajinasua, akasimama.

"Shikamoo mama."

Tishali nzima ikageuka. Bi Mwanamkasi hakuitika. Aliinua macho, akamtazama, akayarudisha kwenye kikapu.

"Mpishi mwenyewe ni mimi," akasema Zubeiri, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma khutba. "Mimi Zubeiri, mume wa Sabiha. Mikono hii hapa. Itazameni nyote, ni safi, haijamgusa nguruwe tangu nizaliwe, na shahidi yangu huyu hapa. Mama huyu aliapa mbele ya watu kwamba siku atakayokula kilichopikwa na mikono hii, ndiyo siku atakayokanyaga nyumba yangu. Basi amekula. Kala changu, kala bada, kaongezwa samaki. Kala na aiskrimu, kageukia ukuta asiombwe. Bakuli kalirudisha na korosho ndani, kashukuru. Haya sasa, jamani, mnasemaje? Kiapo kina mwenyewe au hakina?"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Ni watu waliokuwa wamechoka na safari na wameletewa kichekesho. Mwanamke mmoja wa Kilwa akapiga kofi gotini, akasema, "Bibi, umeliwa." Mabaharia wakarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Kicheko kikaruka toka mbele mpaka nyuma, na katikati yake Bi Mwanamkasi alikaa ameinama, mikono miwili juu ya kikapu, masikio yamemwiva. Zubeiri aliyangojea mabaya kutoka mdomoni mwake. Alikuwa na majibu ya kila tusi, ameyapanga tangu Lindi. Hakutoa neno. Aliangalia kikapu chake tu mpaka tishali ikagusa gati.

Waliposhuka, mama akaenda kando, karibu na mizigo ya katani, akasimama akimngoja. Zubeiri akamfuata. Ernesti naye akaja, akakaa mbali kidogo.

"Ulidhani sijui?" akasema Bi Mwanamkasi. Aliongea taratibu, bila ukali wowote, na Zubeiri hakuwahi kumsikia hivyo. "Lindi, kabla sijatia mguu kwenye ngazi, nilimwuliza huyu mwenzio, aliyekuja kununua vitunguu. Nikamwuliza, mpishi wa sitaha ni nani? Akanambia. Nikamwapisha kwa mama yake asikwambie."

Zubeiri akamgeukia Ernesti. Ernesti akatazama chini.

"Nilikwenda Lindi kwa jamaa, na kurudi nilikuwa na nafasi katika lori la Mhindi," akaendelea mama. "Nikaiacha. Nikaketi Lindi juma zima kungojea meli yako. Watu waliponiuliza nangoja nini, nikasema napenda bahari. Mimi, ninayetapika katika kivuko cha Bweni."

"Mama..."

"Ngoja. Weye umekwisha kusema, na umesema mbele za watu, sasa ngoja. Niliapa nikiwa na hasira. Neno likishatoka, mtu mzima halirudishi mdomoni vivi hivi, lazima apate pa kupitia. Nikasema nitakula chakula chake kimya kimya, kiapo kitimie, nishuke Tanga, niende kwa mwanangu. Niingie kwa mlango wa uani. Nani angeniuliza? Nilitaka kuingia kwa mlango wa uani, na weye ukataka niingie kwa ngoma."

Zubeiri akanyoosha mkono ampokee kikapu. Mama akakivuta nyuma.

"Korosho zangu ulikula?"

Kuli alipita na rukwama, wakampisha. Zubeiri akatazama viatu vyake. Mama akamtazama Ernesti, na Ernesti, ambaye hakujua kudanganya, akatia mkono mfukoni kama mtu aliyekamatwa, akautoa.

"Nimeona," akasema Bi Mwanamkasi. "Mimi nimekula chako, nikijua ni chako. Weye changu hukula. Basi anayechukia zaidi tumemjua."

"Nisamehe mama. Twende nyumbani. Sabiha siku zake zimefika, anakulilia. Nikanyage mimi, lakini twende."

"Nyumba gani? Ile ambayo mabaharia watauliza, je, yule bibi aliyeliwa aliingia? Kesho asubuhi Ngamiani yenu yote itakuwa inacheka, na keshokutwa Pangani." Sauti yake ilitetemeka hapo, mara moja tu, kisha ikakaza. "Kiapo changu kimebaki nusu. Nitafunga siku tatu za kafara, yaishe. Kucheza ngoma yako sichezi."

Akainama, akafungua kikapu. Zubeiri aliona chupa ya mafuta ya mbarika, akaona mvuje uliofungwa kwa uzi mweusi, wa kumvisha mtoto mkononi, akaona vinguo vidogo vilivyoshonwa kwa mkono. Chini ya vyote mama akavuta kitambaa kirefu cheupe chenye mlia mwekundu. Kilikuwa kimefuliwa, kimefukizwa udi, kimekunjwa vizuri kuliko alivyokikunja yeye Durban.

"Nilisema nimeutupa mtoni. Yalikuwa maneno tu," akasema. "Mkaja wako. Nilikuwa nimemletea mwanangu nimfunge nao akishajifungua, mimi mwenyewe, kama nilivyofungwa mimi. Haya, shika. Mikono yako ni safi, umesema mbele za watu, na mimi nakubali ni safi. Mfunge weye."

Akamwekea mikononi, na vinguo juu yake, na mvuje, na chupa. Akafunga kikapu kitupu, akakibana kwapani, akaelekea stendi ya basi la Pangani. Zubeiri alitaka kumkimbilia. Lakini watu wa tishali walikuwa bado wamesimama wakitazama, na miguu iliyokuwa myepesi kusimama mbele yao ikawa mizito kutembea mbele yao. Alipopata nguvu, basi lilikuwa limekwisha kuondoka. Ernesti alimshika bega, akamwacha, akarudi melini peke yake.

Nyumba yao ilikuwa Barabara ya Kumi na Mbili. Tangu pembeni alisikia mtoto akilia, na majirani waliokuwa barazani wakampongeza: amepata mtoto wa kike, alfajiri, salama. Mkunga alitokea mlangoni akijifuta jasho, akaona kitambaa mikononi mwake, akafurahi. "Alhamdulillahi, mkaja umefika. Nilikuwa nauliza, mtoto wa kwanza, mama hayupo, nani atamfunga? Kumbe yuko. Mwambie aingie, asione haya."

Akapita pembeni ya Zubeiri, akatoka barazani kumkaribisha mgeni. Zubeiri akaingia ndani.

Sabiha alikuwa amelala ubavu, mtoto kifuani. Alikuwa amechoka mpaka midomo imepauka, lakini harufu ya ule udi ilifika kitandani kabla ya mumewe, na uso wake wote ukaamka. Akanyoosha mkono, akaushika mkaja, akautia puani. Akatazama mlango nyuma ya mumewe. Akautazama muda mrefu, mpaka mkunga akarudi peke yake na kusimama kizingitini.

Ndipo Sabiha akamtazama mumewe, kanzu yake ya pasi, kofia yake ya viua, na mikono yake iliyojaa vinguo vya mtoto. Hakuuliza mama yuko wapi. Alimjua mama yake, na alimjua na mumewe.

"Ulimwambia nini?" akauliza.